Mchina Aliyeshika Kalamu

Nakumbuka siku moja, hapa Ibra, nchi ya Waarabu, tulipoletewa kazi ya kutoa kwa Kiarabu kitabu kidogo kuhusu ukungu unaoozesha maua ya mitende. Nilikuwa kijana, nimetoka Unguja juzi tu, Kiingereza ninacho, Kiarabu cha kubabaisha. Kitabu kile tulikikalia kitako watu watatu: mtaalamu wa Kizungu anasema, mimi nafasiri, na Sheikh Nasor, mwalimu wa Kiarabu, anaandika. Palipokosekana neno, aliniuliza ukungu wenyewe ukoje, akatafuta neno ambalo mwenye shamba atalielewa. Kitabu kilipotoka chapani, juu ya jalada pana jina moja tu, la Mzungu.

Mimi nilikuwa nimefurahi. Nikamwambia, "Sheikh, muhimu elimu imefika."

Akanitazama. "Imefika kwa miguu yake?"

 Sheikh amekufa, na kitabu kinasomwa bila jina lake. Mwanangu unayenisoma, hasira niliyoipata kwa neno lake lile haijanitoka, wala siombi initoke.

Sasa juzi mjukuu wangu Zuwena, anayesoma chuoni Nizwa, kaja kunisomea insha atakayoisoma mbele ya wenzake: namna elimu ya Kizungu ya uyoga na kuvu ilivyoingia katika vitabu vya sayansi vya Kichina. Insha yasema wamisionari waliwaletea Wachina, basi. Nikamuuliza, hicho Kichina kaandika nani?

"Wachina wenyewe, babu. Mgeni anasema, Mchina anaandika. Lakini khalas, nimeshamaliza."

"Na kabla ya hapo uyoga walikuwa hawaujui?"

"Walikuwa na vitabu vyao vya uyoga, vya zamani sana."

Yaani anajua, na kaacha.  Kahawa aliyonimiminia sikuigusa. Nikamweleza habari ya Sheikh Nasor, nikamwambia akiisoma hivyo asiseme ni mjukuu wangu. Machozi yanamlenga, akaifungua tena kompyuta yake.

"Babu, na Sheikh wako nimtie ndani ya insha?"

Nikamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, pole pole, asikosee.

Mwanangu, ukieleza elimu ilivyofika mahali, mtaje aliyeileta, na mtaje aliyeipokea akaitia katika lugha ya watu wake, na useme alikuwa akijua nini kabla. Ukimwacha umemdhulumu, awe wa China au wa Ibra. Mungu akujaalie kalamu isiyodhulumu mtu, na siku utakapokuwa hupo, akupe wa kukutaja.