Udongo kwenye Skrini

Mfagizi wa ukumbi hamwelewi kabisa mwalimu wa ufinyanzi. Wanafunzi wengine wako mezani, wengine wako majumbani kwao, wanaonekana kwenye skrini ukutani, na yeye huwazungukia wote, mikono imejaa udongo: "Taratibu, jamani, msiubane." Leo chungu cha bibi mmoja asiyeinuka kitandani kilianza kupinda. Mwalimu akaikimbilia skrini, akaweka viganja juu ya picha ya mikono ya bibi, akavizungusha polepole mpaka chungu kikanyooka. Darasa lilipokwisha, mfagizi akaja na kitambaa kibichi kufuta alama za viganja vya udongo zilizobaki kwenye skrini.

"Usifute kwanza, mwanangu," bibi akasema kutoka ukutani. "Hajaniachia."

Mfagizi akageuka nyuma. Mwalimu alikuwa ameshaondoka, na kitambaa kilikuwa kikimdondoshea maji miguuni.