Mama Anapiga Hodi, Nani Atamwitikia?

Mama alilipoteza jina langu Jumanne ya kwanza ya Machi, saa mbili asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Aliniangalia vizuri kabisa, akaniuliza, "Bibie, wewe mtoto wa nani?" Tangu siku hiyo mimi ni Bibie. Admin, na wewe nifiche hivyo hivyo, jina langu limeshazoea kupotea.

Nina miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa Johannesburg. Nilikuja na mkasi na namba moja ya simu, ambayo haikupokelewa. Leo nina karakana ya kushona sare za shule Doornfontein, vyerehani nane, na hakuna aliyenishika mkono. Mama nilimleta mwenyewe baada ya baba kufariki. Mwaka mzima alikaa pembeni ya cherehani yangu akikunja kola. Kisha akaanza kutoka. Mwezi uliopita ametoka mara nne, na ya nne alikutwa kwenye roboti, taa za barabarani za huku, miguu mitupu, magari yanampigia honi naye anayaitikia kama salamu. Wasaidizi watatu wameshaniacha. Mimi nina macho mawili, na sindano inayataka yote mawili.

Nikaanza kutafuta nyumba ndogo ya kulelea wazee wenye ugonjwa huu wa kusahau. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Tanga, kusikia tu akanitumia sauti: "Umezoea mambo ya kizungu wewe. Mama si koti la baridi, ukamwache kwa dobi kiangazi kikifika." Nikamjibu, "Sawa kaka, njoo umchukue." Akasema nyumba yake ina ngazi. Ngazi hizo nazijua. Ni tatu.

Nimezunguka nyumba saba, zimebaki mbili.

Ya kwanza iko Rosettenville, ya mama mmoja Mreno. Wazee sita, walezi wawili mchana, mmoja usiku asiyelala, vyuma vya kushikilia bafuni, geti la rimoti, vibali vimebandikwa ukutani. Nikasema hapa hapa. Wakaturuhusu tujaribu siku moja, kwa sharti nikae pembeni nisiingilie.

Mama akataka kwenda choo. Mlango ulikuwa wazi. Akasimama kizingitini, akajitengeneza kanga, akasema, "Hodi." Akangoja. "Hodi jamani." Mlezi, msichana mpole wa Kizulu, akamshika mkono: "Woza, gogo," yaani njoo, bibi. Mama akauvuta mkono wake. "Siingii kwa watu sijakaribishwa. Sikulelewa hivyo." Akapiga hodi ya tatu. Mimi nimekaa pale, natii sharti, naangalia saa. Dakika kumi na moja. Nilipofungua mdomo kusema karibu, sakafu ilikuwa imeshalowa. Nikiwa nimeinama namfuta miguu, akaninong'oneza, "Bibie, nitafutie kanga nyingine. Na tafadhali, usimwambie binti yangu."

Jamani.

Msiniambie niwafundishe neno, nimewafundisha. Nililiandika KARIBU kwa kalamu nene, nikalibandika milango mitano, walezi wakalisema vizuri tu huku wakicheka. Jumatatu nikamrudisha mama tujaribu tena, nakuta zamu imebadilika, wapo wengine wawili, na mama kasimama mlangoni tena. Mwenye nyumba akaniambia hawezi kumweka mtu kila mlango. Siwezi kumlaumu, nami nimeajiri watu.

Ya pili iko Malvern, ya Mama Divine, Mrundi, Mkristo, zamani alikuwa muuguzi kwao. Wazee wanne, analea yeye na wadogo zake wawili. Mama kusema hodi tu, wakaitikia watatu kwa pamoja, mmoja yuko jikoni: "Karibuuu!" Mama akaingia kama anaingia harusini. Akala mandazi mawili, akapiga hodi chooni, akaitikiwa, akaingia mwenyewe, akatoka mkavu. Akawauliza, "Nyie watu wa Pangani?" Mama Divine akacheka: "Bujumbura, mama. Bon, ni ziwa, lakini nalo lina samaki." Mimi akaniambia, "Saa ya swala nitamukumbusha, dada, usiogope."

Lakini kibali kaomba, hajakipata. Usiku wote watatu wanalala. Na nilipokuwa natoka nikakuta geti liko wazi. Nikahesabu hatua mpaka Jules Street na magari yake: arobaini na moja. Hodi ya mama waliisikia watu watatu, geti hakuliona hata mmoja. Nilipomwambia, akashika kichwa: "Eish, dada, ni leo tu." Mama yangu katoka kwangu mara nne, na kila mara nami nilisema ni leo tu.

Kila nyumba imebakiza kitanda kimoja, na zote zinataka jibu Ijumaa. Silali, sili, jana nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Kwa hiyo "pole dada" sizitaki, na "muachie Mungu" pia, swala naswali mwenyewe. Mliowahi kumlea mzazi wa hivi, andikeni neno moja: Rosettenville au Malvern. Mwisho Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo sisomi. Kaka, ukinitambua humu, nawe andika, ila kura yako ni moja kama za wengine. Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa nimesimama mbele ya mlango mmojawapo, nimemshika mama mkono, naye atapiga hodi. Mlango upi?