Kaburi la Ummy

Pale Ujiji, Zuhra haitwi kwa jina lake. Ni mama Ummy, na mgeni aliyeshuka mjini jana angedhani huyo Ummy yuko shule au ameolewa Kasulu. Ummy alikufa kwa kipindupindu akiwa na miaka saba, na mama yake hakujaliwa mwingine. Jina likabaki. Mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, wakati wanawake wanagombea dagaa na kurushiana maneno, ndilo analoitwa, na hakuna anayemwita hivyo kwa ubaya. Yeye mwenyewe ukimwita Zuhra hageuki.

Kazi yake ni kuanika dagaa. Mitumbwi inaingia asubuhi, wanawake wanashindana kuingia majini na mabeseni, halafu kila mmoja anakwenda kumwaga mzigo wake mchangani na kuutandaza. Jua la Kigoma likiwa limeamka vizuri, alasiri dagaa wamekauka wanalia kama majani makavu. Mama yake aliifanya kazi hiyo palepale, na sehemu ya mchanga aliyokuwa akianikia ilijulikana kuwa yake, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Ndipo ziwa lilipopanda. Halikuja kwa kishindo. Wakati wa mvua za mwaka wa kwanza lilikula mchanga kidogo, watu wakasema litarudi, maana wazee waliwahi kuliona likipanda na kurudi. Mwaka uliofuata liliingia vyooni, likaingia majikoni, na nyumba za tope zikapiga magoti moja baada ya nyingine. Michikichi iliyopandwa nchi kavu ikajikuta imesimama majini, ikafa ikiwa wima. Wakubwa walikuja na viatu vyao safi, wakatazama, wakawaambia watu wahame, wakaondoka. Wahame waende wapi, hilo halikuwa kwenye hotuba.

Mchanga wa mama yake Zuhra ukaisha wote. Akahamia kando ya barabara, akatandika nyavu kuukuu na kuanika juu yake, pikipiki zikimpulizia vumbi na mbuzi wa watu wakimpimia uvumilivu. Wanunuzi kutoka Katubuka waliuma dagaa wake, wakatema, wakasema wana mchanga. Aliwajibu kwamba zamani walianikwa juu ya mchanga wenyewe na hakuna aliyewahi kulalamika.

Aliyekuwa akianika naye ni Melania, Muha wa Kalinzi aliyeolewa mjini, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Nyumba ya Melania ilikuwa imekwisha kuingia maji, na familia yote ilikuwa imebanana kwa shemeji yake.

"Mwakeye, mama Ummy," alimsalimia asubuhi moja akitua beseni. "Wewe Mungu kakupenda. Nyumba yako iko juu, ziwa litakuja kukuamkia tu na kurudi."

"Nyumba si kitu, mama. Nyumba inajengwa," alisema Zuhra. "Mimi namwogopea Ummy."

Melania alielewa. Makaburi yao yalikuwa kwenye mteremko unaoishia ziwani, na maji yalikuwa yameanza kuramba safu za chini.

Siku Ummy alipofariki, baba yake Khamisi alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, na mzigo wa watu. Maiti wa kipindupindu hasubiriwi. Na mazishini wanawake hawaendi. Mama anaishia mlangoni, anaona jeneza likibebwa juu ya mabega ya wanaume, kisha anarudishwa mkekani. Aliyemzika Ummy ni Swaibu, mdogo wake Khamisi. Baada ya arobaini ndipo Zuhra alipomwomba shemeji yake amwonyeshe mwanawe alipolala. Swaibu alimpeleka, akamwonyesha kaburi lililokuwa juu, pakavu, karibu na njia. Zuhra alibeba kichwani mawe mawili ya ziwani, akaweka moja upande wa kichwa na moja upande wa miguu. Khamisi aliporudi alionyeshwa hapohapo. Naye Khamisi miaka ya baadaye akaja kufia Kalemie, akazikwa huko, na Zuhra akabaki na kaburi hilo moja tu la kwenda kulia.

Alilitunza kuliko nyumba. Kila Idi ilipokaribia alikwenda kung'oa majani, akakaa pembeni na kumsimulia Ummy habari za mjini: nani kaolewa, nani kaachika, dagaa wa mwaka huu wakoje. Wapo waliomwambia dini haitaki mwanamke kushinda makaburini. Aliwasikiliza kwa adabu, na Idi iliyofuata akaenda tena.

Maji yalipozidi, shehe alisema hii ni dharura na dharura ina hukumu yake. Kamati ya msikiti ikaanza kuhamisha makaburi ya chini kwenda kwenye kiwanja kipya mlimani. Siku za kwanza tu koo mbili zikagombea kaburi moja, kila ukoo ukisema ni babu yao, watu wakafika kushikana mashati mbele ya mifupa ya watu. Aibu ile iliwaumiza wazee. Wakaweka sharti: kaburi halifunguliwi mpaka ndugu wa marehemu asimame aseme huyu ni wetu.

Sharti lilifanya kazi vizuri, isipokuwa kwa kaburi moja. Lilikuwa dogo, la mtoto, chini kabisa karibu na mchikichi. Halikuwa na jiwe wala kibao. Ijumaa baada ya Ijumaa lilitangazwa msikitini baada ya swala: mwenye kaburi la mtoto lililo kwenye mchikichi ajitokeze, maji yamefika. Hakuna aliyejitokeza.

Habari hiyo ilimkera Zuhra kuliko kelele zote za ziwa. Siku moja Swaibu alikuwa amepita kwake kula mchana, kama alivyozoea tangu kaka yake afariki. Swaibu wa sasa ni mtu mzima anayeheshimika, anaadhini msikitini, ana mtumbwi wake, na watu wanamsimamisha njiani kumwomba ushauri. Zuhra alimpakulia ugali na samaki wa migebuka, akakaa kando na kuanza.

"Mama gani huyo, shemeji? Umzae mtoto, umnyonyeshe, halafu usijue hata alipolazwa? Mtoto anatangazwa kama mbuzi aliyepotea!"

Swaibu alikuwa na tonge mkononi. "Labda walihama," alisema.

"Hata kama. Mimi ningetoka Dodoma kwa miguu."

Swaibu alinawa mikono akaaga, akisema ana kazi mwaloni. Chakula kilibaki nusu, na Zuhra akadhani migebuka imezidi chumvi.

Ziwa halikusubiri wenye kaburi. Upepo mmoja wa mchana ulileta mawimbi makubwa, mchikichi ukang'oka, na ukingo wote wa chini ukamomonyoka na kuingia majini. Wanawake walikimbilia kutazama. Pale palipokuwa na kaburi dogo palikuwa na maji ya kahawia yakizunguka, na vitu ambavyo hawakutaka kuvitambua. Melania alifanya ishara ya msalaba. Zuhra alifunua viganja, akamsomea Fatiha mtoto wa watu, akamwomba Mungu amsamehe mama yake. Aliporudi nyumbani alimshukuru Mungu kwamba wake yuko juu.

Masika yaliyofuata maji yakaifikia safu ya Ummy.

Zuhra hakungoja kutangaziwa. Alikwenda mwenyewe kwa kamati akasema huyo ni wangu, nitamfuata mlimani hata kama nitapanda kwa magoti. Alinunua kitambaa cheupe cha sanda mpya. Kukikata ndiyo iliyokuwa kazi ngumu, kwa sababu alipaswa kukumbuka urefu. Alisimama katikati ya chumba, akaweka kiganja tumboni, pale kichwa cha Ummy kilipokuwa kikifika alipomkimbilia kutoka madrasa. Kutoka hapo mpaka sakafuni ndicho kipimo alichokata. Alilia wakati wa kukata, lakini hakikuwa kilio kibaya. Alijisikia kama mtu anayemshonea mwanawe nguo ya safari.

Siku ya kumhamisha, wanaume walishuka na majembe na wanawake wakabaki njiani. Swaibu alikuja akiwa amechelewa, amevaa kanzu, macho mekundu, akasimama nyuma ya wenzake. Zuhra aliona shuka likizungushwa kaburini, akasikia majembe yakichimba, kisha yakakoma. Mmoja wa wachimbaji akatoka nyuma ya shuka, akapanda mpaka njiani akijifuta udongo mikononi.

"Shikamoo mama. Tuongezee kitambaa. Hiki hakitoshi."

"Hakitoshi vipi?"

"Marehemu ni mrefu, mama. Mfupa wa paja tu umefika hapa." Akaonyesha kwa mkono.

Zuhra alimtazama kana kwamba anasema Kifaransa. "Mwanangu alikuwa na miaka saba," alisema.

Mchimbaji akageuka kuwatazama wenzake kule chini, na wao walikuwa wakimtazama Swaibu. Huo ndio wakati Zuhra alipojua, kabla hajaambiwa neno. Melania akamshika kwapani.

Swaibu alipanda taratibu. Alipomfikia shemeji yake alipiga magoti, mwadhini mzima na kanzu yake, palepale kwenye udongo.

"Shemeji, nisamehe."

"Ummy yuko wapi?"

"Siku ile tulikuwa na maiti watatu. Wachimbaji walikuwa wawili tu, marehemu wote sasa; wengine waliogopa ugonjwa. Huku juu kulikuwa na mawe, jembe haliingii. Chini udongo ulikuwa laini. Shehe wa wakati ule alikuwa amekataza kuzika chini, nami nilijua amekataza. Tukachimba. Nilipomshusha, maji yalikuwa yamejaa chini. Nilimlaza kwenye maji, shemeji. Yalimfika ubavuni. Ningekwambiaje jambo kama hilo? Uliponiuliza, nikakuonyesha pakavu."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Pale kwenye mchikichi," alisema Swaibu.

Wanawake waliokuwa karibu walisikia, na mmoja wao akaanza kulia kwa sauti. Zuhra hakulia. Alikuwa anahesabu Ijumaa zile kichwani, tangazo kwa tangazo, na ule ugali ulioachwa nusu sahanini.

"Walitangaza," alisema. "Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyeadhini."

"Ijumaa ya kwanza nilisema moyoni, nitasema inayofuata. Inayofuata nikaona haya zaidi. Nilidhani watamhamisha tu, hata bila mwenyewe. Nilidhani watamhurumia."

"Wewe ndiye mwenyewe!" Sauti ilimtoka sasa, watu wakarudi nyuma. "Neno moja, Swaibu! Neno moja tu lilitakiwa!" Alimkwida kanzu kifuani na kumtikisa. "Nirudishie. Nenda majini umtoe. Wewe si una mtumbwi? Nenda!"

Ilibidi Melania na wengine wawili wambandue vidole kimoja kimoja. Swaibu hakujitetea, na tuseme ukweli, hakukuwa na la kutetea. Watu wamewahi kusema uongo mkubwa kuliko ule na ukapita salama. Wa kwake ulianza kwa huruma, ukaishi kwa aibu, ukamaliza kwa kumtupa mtoto ziwani.

Mchimbaji alikuwa bado amesimama pale, hajui apeleke wapi mikono yake. Maji yalikuwa hatua chache kutoka kwenye shimo lililo wazi, na ndani yake kulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyemjua, aliyesimuliwa habari za Ujiji miaka yote hiyo bila kuziomba.

"Mama," aliuliza kwa upole, "huyu tumfanyeje? Ndugu zake hatuwajui. Sharti la kamati..."

Zuhra alivua kanga ya juu, akaikunja, akampa. "Unganishia na hiyo sanda. Mkamzike mlimani. Akiulizwa ni wa nani, semeni ni wa Zuhra."

Mchimbaji akapokea kwa mikono miwili. Wajumbe wa kamati wakaridhia. Zuhra hakwenda mlimani. Swaibu alibaki kwenye magoti yake mpaka wanaume walipompita na jeneza, na hata wao hawakumwambia ainuke. Ijumaa iliyofuata aliadhini mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata mazishi hayo Zuhra aliamka, akachukua ndoo kama kila siku. Alishuka mpaka ukingoni, akaingia majini mpaka magotini, akainamisha ndoo, na mkono ukakataa. Alisimama hivyo, mawimbi yakimpiga miguu, macho yake kule mchikichi ulipokuwa. Melania alimkuta hapo. Alimwondoa majini kwa kumshika kiuno, akamkalisha kwenye jiwe, akachukua ndoo na kumchotea mwenyewe, akambebea mpaka nyumbani, akabandika maji ya chai.

Zuhra aliitazama chai mpaka ikapoa. Alikaa siku ile nzima bila kunywa kitu, na usiku midomo ikaanza kumpasuka. Melania alimletea maji ya bomba kutoka kwa jirani, akidhani hayo yatapita. Lakini Ujiji nzima inajua bomba linavuta wapi.

"Ni ziwa hilohilo," alisema Zuhra.

"Ndiyo, mama Ummy. Ni hilohilo."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.