Mashine ya Mapipa

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaani Huruma, nyuma ya duka la mzee fundi wa redio. Mzee alitoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akazeekea Eldoret. Mimi kwetu ni Chepsaita, si mbali. Tulikaa mlango kwa mlango miaka mitatu, na kilichotufanya tuzoeane kilikuwa mashine ya mchezo.

Ilikuwa kama kabati refu la mbao, na kioo cha televisheni usawa wa kifua. Mbele kulikuwa na kijiti chenye kichwa chekundu na kitufe kimoja. Mzee aliinunua ikiwa mbovu kutoka baa moja iliyofungwa, akaifufua mwenyewe. Ndani ya kioo kuna mtu mfupi anayetaka kupanda ngazi hadi juu, na huko juu kuna sokwe anayemrushia mapipa. Pipa likija unaliruka. Ukichelewa umekufa, unaanza tena. Basi.

Niliona haya kidogo, mwalimu mzima, kusimama pale na sketi ya kazini nikiruka mapipa. Lakini nilikuwa hodari kuliko wanaume wote wa mtaa, na Mzee alikuwa akiacha redio za watu mezani aje kunitazama.

"Usikimbie, Mwalimu," alikuwa akisema. "Simama kwanza uone linakuja na njia gani."

Mkewe alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa mbali. Nikimaliza kucheza alinimiminia chai kutoka thamosi yake, tukaongea mambo ya shule.

Uchaguzi ulipofika, shule zilikuwa zimefungwa kwa Krismasi. Nilikuwa bado mjini. Matokeo yalipotangazwa tuliona moshi upande wa mashamba, nyumba za watu wa kwao Mzee zikichomwa, kisha karibu zaidi. Asubuhi Mzee alikuja mlangoni kwangu amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine.

"Tunaenda uwanja wa maonyesho na wengine," alisema. "Polisi wako pale. Shika ufunguo wa duka."

"Nifanye nini nao, Mzee?"

"Wakikuja wakiuliza, sema duka ni lako. Wewe ni wa hapa. Hawatakugusa."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kwa sababu nilitaka aondoke pale mlangoni kabla hajaonekana.

Walikuja mchana, vijana kama kumi na watano. Mbele alikuwa binamu yangu kutoka Chepsaita. Watu wakiniuliza habari za siku zile, nimewahi kusema kwamba nilishikiwa panga. Si kweli. Hakuna aliyenitishia. Binamu yangu alinisalimia vizuri, kwa lugha yetu, akauliza kama nimekula.

Kisha akaonyesha mlango kwa rungu. "Hii duka ni ya nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi asubuhi nzima nikikunja nguo. Lakini wale wengine walikuwa wananitazama, na niliogopa wasije wakasema ninaficha watu.

"Si yangu," nikasema. Halafu, kabla hajauliza kingine, nikatoa ufunguo mfukoni nikampa.

Walibeba redio zote, hata zile za wateja. Walibeba meza na thamosi. Mashine ilikuwa nzito, wakaiburuta hadi mlangoni wakachoka. Mmoja akasema ichomwe pale pale.

"Niachieni mimi," nikasema.

Binamu yangu akacheka. Akatafuta mkokoteni, wakaisukuma mpaka chumbani kwangu. Usiku ule nililala nikijiambia kwamba ninamwekea Mzee. Wiki iliyofuata nilihamia nyumbani kwa lori, na mashine ikaja pamoja na kitanda changu.

Nilikwenda uwanjani mara moja, nimebeba unga na sukari. Nilimwona Mzee kwenye foleni ya maji na mtungi wa plastiki, bado na makoti yale mawili. Yeye hakuniona. Ningeita tu, angegeuka. Nilimpa unga ule mama mmoja aliyekuwa amekaa langoni na mtoto, nikarudi nilikotoka.

Mashine ilikaa ghalani Chepsaita zaidi ya miaka kumi. Niliolewa, nikapata binti, nikahamishwa shule mbili. Kila mavuno magunia ya mahindi yaliegemezwa juu yake. Kisha siku moja ndugu zangu wakataka ghala litolewe vitu, na binti yangu akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Tuliita fundi kutoka Turbo. Panya walikuwa wamekula waya, lakini aliziunga, na kioo kikawaka.

Binti yangu alikufa kwenye pipa la pili. Akaniambia nijaribu. Mikono yangu ilikuwa haijasahau kitu. Nilipanda ngazi ya kwanza, ya pili, nikasimama kuangalia pipa linakuja na njia gani, na hapo nikashindwa kuendelea. Mtu mfupi akagongwa.

"Ulinunua wapi, Mama?"

"Ni ya rafiki yangu."

"Yuko wapi?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua, maana sikuwahi kumuuliza mtu yeyote.

Nilipouliza, nilimpata kwa siku mbili. Hakuwa ameenda mbali. Alikuwa Plateau, si mbali na Eldoret, na kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na hospitali ya misheni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepita pale mara nyingi.

Alikuwa amekonda, na miwani yake ilikuwa mizito. Nilimsalimu, akanitambua kwa sauti.

"Mwalimu. Kaa."

Nilianza kueleza, maneno yakawa mengi na yasiyofika popote. Akaniacha niendelee, halafu akaweka bisibisi chini.

"Nilijua ulifungua," alisema. "Jirani alipita akaniambia kufuli ilikuwa nzima. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku tatu za kwanza sikulala. Nilifikiri nimekuua."

"Mimi?"

"Nilikupa ufunguo wangu. Nikafikiri wameukuta kwako, wakakufanyia kitu kwa sababu yangu. Nililipa mtu aje akuangalie. Akarudi akasema Mwalimu yuko mzima, na mashine iko kwake. Nikashukuru Mungu."

Sikuweza kumwangalia. Niliangalia mikono yake.

"Mbona hukuja kuichukua, Mzee?"

"Ningekuja, tungeangaliana vipi?"

Jumamosi nilikodi pikapu nikampelekea. Watu waliokuwa wakingoja wagonjwa wao walikusanyika kusaidia kuishusha. Mzee aliichomeka kwenye umeme, akasimama kando yake ameweka kiganja juu ya mbao, na mwanamke mmoja akamuuliza imetoka wapi.

"Huyu ni Mwalimu," Mzee akawaambia wote. "Wakati wa vita alinitunzia hii mashine. Ameiweka miaka yote, leo ameirudisha."

Yule mwanamke akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema watu kama mimi ni wachache. Nilimtazama Mzee nikitafuta kama ananisuta, lakini alikuwa ameshainama anatafuta sarafu mfukoni ili mtu acheze. Nafikiri alitaka tu nipate mahali pa kusimama mbele ya watu wale.

Palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Hakuna aliyeniharakisha. Nilimwambia yule mwanamke asante, nikaingia kwenye pikapu, na dereva akauliza kama turudi kwa njia ya mjini. Nikamwambia yoyote.