Mkono wa Shati Uliojishona Njiani

Esnath wa Ruaha Mbuyuni hakuwahi kumpa mgeni maji kabla ya kumuuliza alikolala. Hakuwa mchoyo. Ndivyo mama yake alivyomlea kule Idodi: mtu akitoka mbali mkaribishe, mpe kigoda, kisha muulize amelala wapi. Mwenye safari ya kweli atataja nyumba na mwenye nyumba, na pengine ataje hata mboga aliyokula. Asiyekuwa na nyumba ya kutaja ametoka kuiba, ametoka kwa hawara, au amepita angani na ungo. Hao wote Esnath hakutaka wanywee kikombe chake.

Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia ya vitunguu katika ghala moja kando ya barabara kuu. Kila mshono aliumalizia kwa msalaba mdogo kwa nje, kama yeye na mdogo wake walivyofundishwa na mama yao. Wachuuzi walimtania kwamba anabariki vitunguu. Yeye aliwajibu kuwa gunia likifunguliwa njiani na kushonwa upya, msalaba ule hautakuwepo, naye atajua. Ndivyo alivyoishi. Hata mchungaji akihubiri kwa ufupi, Esnath alijiuliza anawahi wapi.

Binti yake wa pekee, Devotha, alikuwa amechumbiwa na Zabron, kijana mwenye pampu ya kumwagilia mashamba ng'ambo ya mto. Jumapili iliyokuwa inakuja majina yao yangetangazwa kanisani. Esnath alikuwa amemchunguza Zabron kwa muda mrefu bila kumkuta na doa, na jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Hapo ndipo ilipokuja filamu.

Vijana wa Mbeya, wakiongozwa na Isaka aliyesomea mambo ya filamu chuoni, walikuwa wamekigeuza kitabu cha Mwalimu Aroni kuwa filamu. Mwalimu Aroni alikuwa mwalimu mstaafu wa kijijini hapo, na kitabu chake kilisimulia habari za kijana aliyepigana na joka la mtoni, kisha akatembea kwa miguu mpaka juu ya mlima Loleza, kule Mbeya, kuidai sauti ya mama yake iliyoibwa. Zabron alipewa nafasi ya shujaa kwa sababu ya mabega yake. Esnath alimsomea Devotha kitabu hicho mpaka jalada likang'oka. Alichokipenda humo hakikuwa joka. Aliipenda safari: shujaa anapanda Kitonga, analala Ilula, analala Mafinga, analala Makambako kwenye baridi, na kila nyumba anaulizwa jana alilala wapi, naye kila mara ana jibu.

Filamu ilionyeshwa Jumapili iliyotangulia ile ya matangazo, baada ya ibada, ndani ya ghala la vitunguu, madirisha yamezibwa kwa maturubai na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Harufu ya vitunguu ilikuwa kali, watu wakatokwa na machozi kabla mtu yeyote hajafa.

Joka likatoka mtoni. Likamrarua Zabron mkono wa shati kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Ghala zima likapiga kelele. Zabron akalichoma joka mkuki, akainuka, akatazama linakozama jua. Kufumba na kufumbua, akawa amesimama juu ya Loleza, ukungu umemzunguka, pumzi inamtoka kama moshi.

"Simamisha!" Esnath akasema.

"Mama, jamani," Devotha akamvuta kitenge.

"Niache. Isaka, mwanangu, huyu mtu amefikaje huko?"

Isaka alikuwa kijana mwenye adabu. Akasimamisha picha. "Amesafiri, mama. Safari tumeiruka ili filamu isirefuke mno. Mtazamaji anaelewa mwenyewe."

"Mimi ni mtazamaji na sijaelewa. Alilala wapi?"

"Alipanda basi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nauli alilipa joka!" akadakia mwingine.

"Muulizeni vizuri, kapita na ungo huyo!"

Kicheko cha mwisho kilikuwa kifupi kuliko vingine. Zabron, aliyekaa mbele kabisa, aligeuka kutazama ni nani aliyesema.

Lakini Esnath alikuwa ameona jambo jingine. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo hapo. Mkono wa shati umeraruka, tunauona sote. Haya, nenda mlimani." Picha ikaruka hadi mlimani. Mkono wa shati ulikuwa mzima, umeshonwa kwa uzi mwekundu. "Shati limejishona lenyewe njiani?"

Isaka akajishika kichwa. "Lo! Hilo limetupita, mama. Tulirekodi huku kwanza, Mbeya baadaye, na hakuna aliyelikagua shati. Ni kosa letu."

Kwa Isaka yaliishia hapo. Kwa Esnath ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Shati lile lilikuwa la Zabron mwenyewe, na Zabron alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba alikwenda Mbeya kurekodi kwa lori la nyanya, moja kwa moja, bila kulala popote. Sasa, nani hushona shati ndani ya lori la nyanya? Mahali fulani kati ya mto na mlima palikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba hiyo palikuwa na mkono wenye sindano. Esnath hakuwahi kumwona mwanamume wa kijiji kile akitunga uzi kwenye sindano.

Kesho yake Zabron alipopita kumsalimu, alikuta kigoda kimewekwa na maji hayapo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kaa. Ulipokwenda Mbeya ulilala wapi?"

Zabron akatazama mlango wa jikoni, alikokuwa Devotha. "Nilishasema, mama. Nilikwenda moja kwa moja."

"Kama yule wa kwenye shuka."

"Ile ni filamu tu, mama."

"Najua ni filamu. Joka najua ni turubai, hata miguu ya vijana waliokuwa ndani niliiona. Lakini uzi ule ni uzi. Sasa nisikilize, Zabron. Nitamwambia mzee wa kanisa matangazo yasubiri. Simpi binti yangu mtu ambaye safari yake ina tundu katikati. Ukipata jibu, lete. Na shati ulete."

Mzee wa kanisa aliambiwa, na kabla ya jioni kijiji kizima kilijua. Devotha hakulia. Alipika, akaosha vyombo, akamwitikia mama yake kwa heshima zote, na utulivu huo Esnath akautilia shaka nao.

Siku iliyofuata Zabron alirudi na shati limekunjwa mkononi. Alilipokea Esnath, akalipeleka penye mwanga mlangoni, akaufuata uzi mwekundu kwa kidole kutoka begani kushuka chini. Ulikuwa mshono wa mtu anayejua. Karibu na kiwiko kidole kikasimama. Palikuwa na msalaba mdogo, kwa nje.

Akakaa chini pale mlangoni.

Duniani walikuwa wamebaki wawili tu waliomalizia mshono namna ile. Mmoja ni yeye. Mwingine ni Faustina, mdogo wake, aliyekuwa akiishi Ipogolo mjini Iringa, na hawakuwa wamesemeshana tangu msiba wa mama yao. Wakati huo Faustina alikuwa akifanya kazi Mbeya. Alifika Idodi mama amekwisha kuzikwa, na mbele ya waombolezaji wote Esnath alimuuliza: ulilala wapi? Faustina hakujibu. Esnath akajijibia mwenyewe, kwa sauti, kwamba alikuwa kwa mwanamume. Basi.

"Nani alikutuma kwake?" Esnath aliuliza bila kuinua macho.

"Mimi," Devotha alisema kutoka jikoni. "Nataka mama mdogo awepo kwenye harusi yangu. Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Nililala kwake njiani, mama," Zabron akasema. "Aliliona shati, akasema siwezi kupita mjini na mkono umening'inia. Nilimwambia litaharibu filamu. Akasema filamu si ndugu yake."

Hilo lilikuwa la Faustina kabisa. Esnath aliligeuza shati, akaligeuza tena, akitafuta ujanja ndani yake. Pengine walipanga wote watatu. Pengine hata msalaba uliwekwa makusudi, ili yeye auone. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu, shati likiwa mapajani.

"Mwambieni aje," alisema hatimaye. "Haja yangu ni kumwona tu. Msidhani ni zaidi ya hapo."

Faustina alishuka kwenye gari siku ya soko, mnene kuliko zamani, kibegi mkononi. Esnath alimpa kigoda. Wakatazamana. Devotha na Zabron walisimama ukutani kama washtakiwa.

"Niulize," Faustina akasema.

"Sikuulizi kitu."

"Niulize, dada. Nimekuja ili nijibu."

"Ile siku ya msiba. Ulilala wapi?"

"Stendi ya Iringa. Nilifika mchana, nikakaa kwenye benchi. Magari ya Idodi yakaja, yakajaa, yakaondoka, na mimi nimekaa. Niliona nikipanda na kufika, basi mama atakuwa amekufa kweli. Nisipofika bado yuko. Nikalala pale pale. Ningelisemaje hilo mbele ya watu, wewe umeshika kiuno?"

Jikoni chungu kilikuwa kinachemka na hakuna aliyekwenda kukitazama. Esnath alimkazia macho mdogo wake kama anavyolikazia gunia lililorudishwa sokoni.

"Stendi upande gani?" akauliza.

Faustina akaanza kucheka, akicheka na kujifuta macho. "Upande wa wauza mahindi ya kuchoma, mchawi wewe! Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mzee na kuku wake, na kuku alinidonoa. Unataka na rangi ya kuku?"

"Rangi gani?"

"Mweupe!"

Esnath alinyanyuka, akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kikombe chake mwenyewe. Aliporudi alimpa mdogo wake kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Zabron.

"Wewe nenda kwa mzee wa kanisa, umwambie Jumapili atangaze." Zabron alikuwa ameshafika uani Esnath alipomwita tena. "Na upite barabarani, nikuone."