Mjukuu Alichemka, Kaka Yangu Anadai Heshima ya Blanketi

Jina la mzee huyu wa milima ya Mbinga tunalo, nalo litabaki kwetu. Barua ni yake mwenyewe. Tumepunguza matusi tu.

Mimi nina miaka kama sitini. Cheti sina, ila wakati wa Majimaji nilikuwa tayari nachunga mbuzi. Shule niliishia darasa la pili, nikafukuzwa kwa kumwigiza padri anavyopiga chafya madhabahuni. Kwa hiyo mwandiko wangu mnisamehe. Hasira iliyomo msinisamehe, nimeiandika makusudi.

Nina mke, nina kahawa, na mwanangu pekee aliyebaki yuko Tanga kwenye mkonge. Ametuachia mkewe na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mkwe wangu huyu ni Mnyasa wa kule chini ziwani, na wanawake wa huku juu hawajampa raha hata siku moja: eti anakula visamaki asubuhi na jioni, eti anacheka kama mwanamume. Mimi nilimpendea hayo hayo.

Alikwenda kwao na mtoto kusalimia, akarudi. Wiki ya pili mtoto akachemka. Sasa sikilizeni ujinga wa ukoo wetu. Huku ni baridi, basi mtoto akitetemeka kwa homa sisi tunasema baridi imemwingia. Tunamweka karibu na moto, tunamfunika. Na kila ndugu anayekuja kumtazama huja na blanketi lake akaliongeza juu. Ndiyo mapenzi yenyewe. Kuliondoa la mtu ni kumtukana. Kaka yangu mkubwa alifika mchana na lile lake jekundu, alilonunua mwaka kahawa ilipopanda bei, zito kama mlango wa kanisa. Likawa la tano. Mtoto alibaki pua tu.

Mkwe alisema ziwani homa wanaijua, na mtoto wa moto haongezewi moto. Kaka akamjibu kwamba ziwani hata samaki hawajui baridi, anyamaze. Haukupita muda mtoto akageuza macho, akakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka. Degedege. Mke wangu akakimbilia kijiko amtanue meno. Kaka akaagiza mavi ya tembo tumfukize. Mkwe akasimama kati yao.

"Baba mkubwa, nipishe. Mama, usimtie kitu mdomoni."

Akayatupa mablanketi yote matano, akamlaza mtoto ubavu, akafungua mlango hewa iingie, akasubiri. Mtoto alipotulia na kufumbua macho akampangusa kwa maji ya vuguvugu, akamnyonyesha, akamfunga mgongoni kwa khanga moja na kushika njia ya zahanati ya misheni. Nilimfuata nyuma nikihema kama punda. Kule tukaambiwa ni malaria, ametoka nayo ziwani. Akapewa dawa. Tabibu akatusema: mtoto mwenye homa avae kidogo, anywe mara kwa mara, aletwe upesi; tungebaki na mafusho yetu, sasa tungekuwa tunachimba kaburi.

Leo mtoto anakimbiza kuku.

Kaka je, alishukuru? Aliitisha sengu, pale wanaume wa ukoo tunapokula pamoja na kukata mashauri. Akasema blanketi lake limetupwa chini kama gunia, mkwe apike pombe, apige magoti, aombe radhi. Wote wakanitazama mimi. Nami, mzee wa mdomo, ninayewatania watu hadi msibani, nilikuwa na tonge mdomoni. Nikatafuna. Nikatafuna mpaka hukumu ikapita.

Kesho yake mkwe aliniambia taratibu, "Baba, wewe uliona kwa macho yako." Akambeba mtoto, akashuka kwao. Harudi mpaka sengu imwambie hakukosa.

Sasa hili ndilo linalonichoma. Kabla ya mwanangu huyu nilikuwa na binti. Alichemka vilevile, akafunikwa vilevile, akapatwa na degedege vilevile, tukafukiza siku mbili bila kwenda popote. Alifia chini ya blanketi la kaka. Nikamshukuru kaka, nikampa na jogoo. Mke wangu hadi leo anaamini ni yeye aliyemuua, kwa sababu alimfunua kidogo ili amnyonyeshe. Kaka ndiye aliyemwambia hivyo. Nilikuwepo. Nilinyamaza siku ile pia.

Nikimtetea mkwe mbele ya sengu, kaka ataelewa namhesabia kifo cha binti yangu, na mke wangu ataniuliza kwa nini nilimwacha alie miaka yote hii. Blanketi jekundu bado liko kwangu. Kaka anasubiri apelekewe kwa magoti. Nimemtandikia mbwa, hata mbwa kalikimbia kwa joto.

Sengu itakaa tena kahawa ikishaanikwa. Ninyi wenye watoto, na ninyi mliozika watoto, nijibuni humu humu ukurasani: nifungue mdomo nyumba yangu ibomoke, au niendelee kutafuna?