Kijiji Tulichokilipia Kabla Hakijajengwa

Mdogo wangu wa Buffalo ndiye aliyenielimisha kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, anaweza kulipia gemu ya kompyuta ambayo bado haijatengenezwa, tena akashukuru.

"Dada, ni kuwaunga mkono," aliniambia kwa simu. "Tunalipa sasa, wao wanamalizia taratibu. Ikikamilika, bei inapanda."

"Na isipokamilika?"

"Itakamilika. Wameandika."

Basi, kama wameandika. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, tukisoma matangazo ukutani kuhusu safari za Marekani zilizokuwa karibu mwaka hadi mwaka, tulikuwa watu wa mwisho kutilia shaka maandishi. Nikalipa. Binamu yetu wa Columbus, anayehudumia wazee majumbani mwao, akalipa pia, kwa sababu aliona vibaya kubaki nyuma.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kujenga kijiji. Kila mmoja anakaa kwake na kompyuta yake, lakini kijiji ni kimoja, na mnasikiana mkiongea. Marekani ilitupokea vizuri, ikatugawa miji mitatu: mimi Louisville, wao huko kwao. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tulivaa vidude vya masikioni, tukakutana kijijini.

Ukifungua, kwanza unasoma tangazo: gemu hii haijakamilika, asante kwa uvumilivu wako. Lilikuwa tangazo la kweli kabisa. Nyumba hazikuwa na milango. Milango ilikuwa njiani. Ukitaka kuingia kwako, unarukaruka kwenye kona ya jiko mpaka ukuta ukumeze. Mvua ilinyesha ndani ya nyumba, nje kukavu. Ng'ombe wetu walipanda angani taratibu, na binamu, mwanamke mwenye subira aliyezoea wagonjwa wakaidi, alisimama chini yao na ndoo.

"Watashuka," alisema.

"Hawatashuka," nilimwambia.

"Kwenye sasisho lijalo, wakituma marekebisho," alisema mdogo wangu. Kila tatizo alikuwa na jibu hilo hilo.

Mimi kazini napakia viatu, kwenye ghala. Nilijaribu kufikiri nikimtumia mteja kiatu cha kushoto, na kikaratasi: cha kulia kinashonwa, asante kwa kutuamini. Nilimweleza Mkongomani ninayefanya naye kazi, akaacha kufunga boksi lake.

"Bon, unalipa mukate, banakupa bunga?"

"Hata unga haujasagwa."

"Donc, na wewe unashukuru."

"Tunashukuru."

Alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye boksi.

Masasisho yalikuja, nisiwasingizie. La kwanza lilileta kofia. Kofia nzuri, za rangi zote, zinazouzwa kando. La pili likaleta kofia za ng'ombe, maana sasa walikuwa juu kiasi kwamba jua liliwapata vibaya. Mdogo wangu aliwaandikia watengenezaji kuuliza habari ya milango. Walimjibu kwa upole kwamba wanapenda sana moyo wake.

Kisha Jumapili moja tulifungua, na lile tangazo la uvumilivu halikuwepo. Mahali pake walitupongeza: gemu imekamilika, na wao sasa wanaanza kazi ya gemu nyingine, ambayo tunaweza kuilipia mapema. Tulizunguka kijiji chote tukitafuta kilichokamilika. Mvua ilikuwa palepale sebuleni. Wamemaliza kwa kufuta tangazo.

Binamu alicheka mpaka akakohoa. Mdogo wangu aliongea kwa sauti ndogo.

"Nisameheni. Mimi ndiye niliyewaingiza."

Hapo kejeli ziliniishia kwa muda. Jumapili iliyofuata hakuingia, wala hakupokea simu. Binamu akaamua kwamba tukutane Columbus, ambako ni katikati yetu, na safari hii tuje na miili.

Binamu anakaa karibu na Morse Road. Alikuwa amenunua dagaa na unga kwenye duka la Waafrika, na mdogo wangu alifika na viatu vilivyolowa theluji, akavivua mlangoni kama mgeni wa heshima. Tulikuwa hatujakaa meza moja tangu tuondoke kambini. Mdogo wangu alikuwa amenenepa. Hilo gemu haikutuambia.

"Ningelipa tena," binamu alisema tukila. "Bila ile gemu tusingeongea kila wiki."

"Simu zipo," nilisema. "Na simu ina vitufe vyake vyote."

"Zipo. Ulinipigia lini?"

Niliongeza ugali. Lakini msimamo wangu sikuuhamisha, na leo ni ule ule: auzaye amalize kwanza. Yale mazungumzo tuliyaleta sisi, hayakuwa kwenye bei, na wale mabwana wa kofia siwapi shukrani hata moja.

Mdogo wangu alisikiliza, akala dagaa wote waliobaki.

Siku hizi tunacheza gemu ya zamani ya karata, ambayo waliomaliza kuitengeneza labda wameshastaafu. Kila kitu kinafanya kazi. Mdogo wangu analalamika kwamba haina jambo jipya, kisha anatushinda, na binamu anamshutumu kwamba anachungulia, yeye akiwa Columbus na mwenzake Buffalo.